Betri Haifi Asubuhi ya Baridi

Juni ikishaingia, baridi ya Songea haina mzaha. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kijiji cha Maposeni haina joto la kumpa mtu wala injini. Ndizo siku ambazo selfu hutoa mlio mmoja mkavu, taa za dashibodi zinafifia, na gari linagoma. Vijana wanaitwa wasukume, jirani mwenye pick-up anaombwa alete nyaya za kushtulia, kisha hukumu inatolewa papo hapo: baridi imeua betri.

Baridi inasingiziwa. Ni kweli kwamba hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri na kuifanya oili iwe nzito, hivyo selfu inadai nguvu nyingi wakati betri inazo chache. Lakini betri nzima huistahimili baridi ya Songea bila shida. Inayoshindwa Juni, mara nyingi ilianza kuharibika Januari au Februari, gari lilipokuwa limeegeshwa uani kwa sababu ya mvua na tope, na hakuna aliyeikumbuka.

Tupige hesabu. Gari lililozimwa halilali kabisa. Alamu, saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, na kifaa cha GPS kama kipo, vyote vinaendelea kula umeme kidogo kidogo. Miliampea 30 ni kiasi cha kawaida. Kwa siku moja hiyo ni ampea-saa 0.72, kwa siku 30 ni ampea-saa 21.6. Betri ya ampea-saa 50, ukijumlisha na chaji inayopotea yenyewe ndani kwa ndani, inakaribia kubaki nusu baada ya mwezi mmoja wa kukaa bure. Safari ya Jumapili kwenda kanisani Peramiho na kurudi hailipi deni hilo. Alteneta ya gari hurudisha haraka kile kilichotumika kuwasha injini, ila haipati saa za kutosha kuijaza betri iliyoshuka hadi nusu.

Kwa nini nusu iwe hatari, wakati gari bado linawaka? Jibu limo kwenye kemia ambayo Mfaransa Gaston Planté aliianzisha mwaka 1859, alipotumbukiza mabamba ya madini ya risasi ndani ya asidi ya salfa na kupata betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa upya. Betri ya gari la leo bado ni ile ile. Ina vyumba 6, na kila chumba kinatoa takribani volti 2.1. Upande wa hasi kuna bamba la risasi. Upande wa chanya kuna bamba la oksidi ya risasi. Mwaka 1882 Waingereza John Hall Gladstone na Alfred Tribe walieleza kinachotokea: betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka kuwa salfeti ya risasi, na asidi inazidi kuwa maji. Ukiichaji, salfeti inavunjika, asidi inarudi kuwa kali, na mabamba yanakuwa kama mwanzo.

Shida iko kwenye muda. Salfeti iliyotengenezwa leo ni punje ndogo sana, laini, na chaja inazivunja kirahisi. Ukiziacha wiki kwa wiki, punje ndogo huyeyuka taratibu na kuhamia kwenye zile kubwa, kwa kanuni ambayo mkemia Wilhelm Ostwald aliieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kubwa zinazidi kuwa kubwa, zinakuwa ngumu, zinaziba vitundu vya bamba, na umeme wa kawaida hauzivunji tena. Hapo ndipo fundi anasema betri haishiki chaji. Kwa hiyo betri nyingi haziuawi na kazi. Zinauawa na kukaa muda mrefu zikiwa hazijajaa. Siku ya kuchaji betri ni siku gari linapoegeshwa, si siku linapokataa kuwaka.

Kabla ya kufika kwenye chaja, kuna jambo moja la ajabu ambalo sayansi ililigundua juzi tu. Kwa zaidi ya karne na nusu watu walitumia betri ya risasi bila kujua hasa kwa nini inatoa volti nyingi hivyo. Bati ni ndugu wa karibu wa risasi kwenye jedwali la elementi, lakini ukijaribu kutengeneza betri kama hii kwa bati, hupati kitu cha maana. Januari 2011, Rajeev Ahuja wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Pekka Pyykkö wa Helsinki na wenzao walichapisha hesabu zinazotoa jibu. Kiini cha atomi ya risasi kina protoni 82. Mvuto wake ni mkali kiasi kwamba elektroni zilizo karibu nacho hukimbia kwa takribani asilimia 60 ya mwendo wa mwanga. Kwa mwendo huo, nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1905 inaanza kufanya kazi: elektroni zinakuwa kama zimeongezeka uzito, na njia zake zinasogea karibu na kiini. Badiliko hilo linaifanya oksidi ya risasi iwe na uchu mkubwa wa elektroni, na uchu huo ndio volti. Kwa hesabu zao, katika volti 2.1 za kila chumba, kati ya 1.7 na 1.8 zinatokana na kanuni za Einstein. Bila hizo, betri nzima ingetoa kama volti 2, na pick-up ya Maposeni isingewaka hata katikati ya joto la Novemba.

Turudi uani. Zamani kuchaji betri nyumbani vijijini lilikuwa jambo gumu. Betri za kuendeshea redio na televisheni zilibebwa kwa baiskeli hadi penye umeme, zikaachwa huko, na kufuatwa kesho yake. Mjini Songea kwenyewe umeme ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa maji pale Tulila, kwenye Mto Ruvuma, na kuuingiza kwenye mtandao wa TANESCO. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikaiunganisha Songea na gridi ya taifa. Leo mwenye gari anayeishi kwenye nyumba yenye LUKU anaweza kuwa na chaja yake. Swali ni ipi.

Kwanza ujue chaja nzuri inafanya nini. Kujaza betri ni sawa na kujaza gunia la mahindi: madebe ya mwanzo unamimina tu, ya mwisho yanataka kutikisa na kushindilia polepole, na anayeendelea baada ya gunia kujaa anafunga lumbesa. Mpaka betri ifike kama asilimia 80, inapokea ampea zote unazoipa. Baada ya hapo salfeti iliyobaki iko ndani kabisa ya mabamba. Chaja inapaswa kushikilia volti 14.4 hivi na kuziacha ampea zipungue zenyewe, kwa saa kadhaa. Ikishajaa, chaja ishuke hadi volti 13.5 hivi, ambazo zinatosha kufidia kinachopotea bila kuichemsha betri. Chaja rahisi za transfoma, zile nzito zenye swichi moja, nyingi hazina hatua ya mwisho. Zinaendelea kusukuma, maji yanapasuka kuwa gesi, mabamba yanalika. Usiku mmoja ni sawa ukiisimamia. Wiki nzima ni kuiua betri uliyotaka kuiokoa.

Kwa hiyo, unapokuwa dukani, soma maandishi ya kwenye chaja kabla ya kuuliza bei. Ampea ziwe kama sehemu 1 ya 10 ya ampea-saa za betri yako: ampea 5 kwa betri ya ampea-saa 50, ampea 7 kwa ya 70. Betri ya ampea-saa 70 iliyobaki nusu inadai ampea-saa 35. Kwa ampea 7 ni saa 5, kisha ongeza saa 3 au 4 za mwisho zisizo na haraka. Umeme wote huo haufiki uniti 1 ya LUKU. Kama lengo lako ni kulitunza gari linalokaa sana, huhitaji chaja kubwa. Kitunza chaji cha ampea 1 kinatosha, na unaweza kukiacha miezi, mradi kiwe na ile hatua ya kushusha volti.

Angalia pia aina ya betri. Betri ya maji yenye vifuniko inavumilia zaidi, maana maji yakipungua unaongeza. Betri kavu haikupi nafasi hiyo. Ukiichemsha, kilichotoka hakirudi. Betri za jeli hazitaki kuvuka volti 14.2 hivi. Betri za lithiamu, ambazo sasa zinaonekana kwenye sola na pikipiki, zina chaja zake; chaja yenye hali ya kuvunja salfeti kwa mapigo ya umeme isiguse betri hizo. Na hata kwa betri ya risasi, mapigo hayo yanaweza kusaidia salfeti changa, lakini hayafufui betri iliyokaa tupu mwaka mzima.

Halijoto nayo ina neno. Vipimo vya volti hupangwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja inaposhuka, betri inahitaji kama volti 0.02 zaidi. Usiku wa nyuzi 10 Maposeni, 14.4 inapaswa kuwa 14.7, mchana wa nyuzi 35 Dar es Salaam, inapaswa kuwa 14.2. Chaja yenye kipimo cha joto hufanya hesabu hii yenyewe. Mwenye gari wa Songea ana bahati yake hapo: joto likipanda kwa nyuzi 10, maisha ya betri hupungua karibu nusu, kwa hiyo baridi inayolaumiwa kila Juni ndiyo inayoirefushia betri miaka.

Maswali mawili zaidi yanahusu umeme wetu. Je, ukikatika na kurudi usiku, chaja inaendelea yenyewe au inasubiri ubonyeze kitufe? Nyingi zinasubiri, na asubuhi unakuta betri ile ile. Pili, iwapo nyumba iko mwisho wa laini na volti huanguka chini ya 230, chagua iliyoandikwa kwamba inapokea kuanzia 100 hadi 240. Pasipo na umeme kabisa, paneli ya sola ya wati 10 inaweza kulitunza gari lililoegeshwa, lakini lazima ipitie kwenye kidhibiti chaji. Paneli tupu, jua la saa sita, inaweza kufika volti 20.

Kuunganisha kuna utaratibu, na sababu yake ni gesi. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka kwa cheche moja. Chaji mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye chuma cha bodi mbali kidogo na betri, kisha ndipo uchomeke kwenye soketi. Wakati wa kutoa, zima soketi kwanza. Betri ya maji iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, baada ya kuchaji, wala si asidi: kilichopotea ni maji, asidi bado imo. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

Na kabla ya kununua chaja yoyote, nunua mita ya volti, ambayo ni rahisi kuliko chaja. Pima betri iliyopumzika usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4, imebaki robo tatu. 12.2, nusu, ichaji leo hii. 12.0, robo tu. Ukipata 10.5 hata baada ya kuchaji, chumba kimoja kimekufa, na hakuna chaja ya bei yoyote itakayokifufua.

Betri hiyo usiimwage asidi yake shambani wala kuivunja uani kutafuta risasi ya kuuza. Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisababisha sumu ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2024. Irudishe nzima kwa muuzaji unaponunua mpya, kwa kuwa wengi huipokea na kukupunguzia bei. Mpya uliyopewa nayo uipime hapo hapo dukani. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa sana rafuni ikijijengea salfeti, omba nyingine.