Washairi wa Kireno na Sisi wa Ufuko wa Nyasa

Msafiri anayeteremka kutoka milima ya Umatengo, akiyaacha nyuma mashamba ya kahawa na ngolo za Mbinga, hufika Mbamba Bay na kuliona Ziwa Nyasa limetandazwa mbele yake. Akigeuka kusini na kuufuata ufuko, hatakwenda mwendo mrefu kabla ya kuingia nchi ya Msumbiji. Mahali hapo mpaka wetu si Mto Ruvuma, kama wengi wadhanivyo, bali ni mstari ulionyooka, waliokubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886 bila ya kumwuliza mvuvi hata mmoja. Mchanga ni ule ule, dagaa ni wale wale, na Kinyanja kinachosemwa huku husikika na kule. Lakini watoto wa ukoo mmoja wanapokwenda shule, huyu wa kwetu hufunguliwa kitabu cha Kiswahili, na yule wa kwao hufunguliwa kitabu cha Kireno.

Je, ndani ya kitabu hicho cha jirani mna nini? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitafakari leo. Maana hatuna budi kukiri kwamba Mreno tunayemjua sisi ni yule wa bunduki. Tunamkumbuka yule aliyeishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Tunamkumbuka zaidi yule aliyewafukuza ndugu zetu kwa mabomu baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, wakavuka kuja huku na watoto mgongoni, wakapewa ardhi ya kulima Lundo na Muhukuru. Aidha tunayo maneno aliyotuachia: meza, bendera, leso na mvinyo, pamoja na gereza, ambalo kwa asili yake katika Kireno ni kanisa. Ama mshairi wake, huyo hatukupata kujulishwa naye.

Ushairi wa Wareno ni mkongwe. Mfalme Dinis, aliyetawala tangu mwaka 1279 hadi 1325, alikuwa yeye mwenyewe manju, na nyimbo zipatazo 137 zinahesabiwa kuwa ni zake. Katika zama hizo palikuwa na mtindo mmoja wa ajabu: mwanamume alitunga, lakini sauti ya wimbo ilikuwa ya mwanamke. Mwanamke huyo husimama kando ya maji, akiyauliza mawimbi habari za mpenzi wake aliyeondoka. Ubeti wa pili huyarudia maneno ya ubeti wa kwanza kwa kubadilisha neno moja au mawili tu, na kiitikio hurudi pale pale. Mtu wa Liuli au Lituhi hatahitaji kufundishwa maana ya nyimbo hizo. Akina mama wa ufuko wetu, ambao waume zao walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge au kuchimba dhahabu Afrika Kusini, waliyajua maji ya kuulizwa habari na kunyamaza. Anayeijua ngoma ya kioda anajua pia nguvu ya kiitikio.

Mwaka 1526 mshairi Sá de Miranda alirejea Ureno kutoka Italia, akaleta soneti na mshororo wa mizani kumi. Wareno wakauita mtindo huo kipimo kipya, na ule wa nyumbani, wa mizani tano au saba, wakauita kipimo cha kale. Hapana shaka msomaji wa Kiswahili atatabasamu akisikia hayo, kwani sisi nasi tulipata kugombana. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, walikuwapo waliosema kwamba hayo si mashairi hata kidogo. Funzo la Wareno ni kwamba mshairi wao mkuu kuliko wote, Luís de Camões, alitunga kwa vipimo vyote viwili, wala hakuna aliyepata kusema kwamba kimoja kilimharibia kingine.

Camões huyo ndiye aliyetuingiza sisi katika ushairi wa Ulaya. Alizaliwa yapata mwaka 1524, akapoteza jicho moja vitani kaskazini ya Afrika, akatangatanga Bara Hindi kwa miaka mingi. Alipotaka kurudi kwao, alikwama katika Kisiwa cha Msumbiji mnamo mwaka 1567. Rafiki yake Diogo do Couto alimkuta huko, maskini wa kutupwa, akila kwa hisani ya wenzake, huku akiunyoosha utenzi wake. Utenzi huo, Os Lusíadas, ulichapwa Lisbon mwaka 1572. Una sehemu kumi na beti 1,102. Kila ubeti una mishororo minane. Vina vya mishororo sita ya kwanza hupishana, na miwili ya mwisho hufungana kwa kina chao wenyewe. Utenzi wetu wa Kiswahili una vipande vinne vya mizani nane, na kina cha mwisho kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Umbo ni tofauti, lakini kazi ni moja, nayo ni kusimulia safari na vita kwa namna itakayokaa kichwani mwa msikilizaji.

Na sisi tumesimuliwaje humo? Safari inayosifiwa ni ile ya Vasco da Gama ya mwaka 1498. Watu wa Kisiwa cha Msumbiji na Mombasa wanaonekana humo kuwa wadanganyifu, ati kwa sababu hawakumkaribisha mgeni mwenye mizinga. Mfalme wa Malindi, aliyemkaribisha, anasifiwa kwa wema, na ndiye anayeketi kusikiliza historia nzima ya Ureno. Huo ni mwenendo wa washindi wa kila zama: mwema ni yule anayefungua mlango. Hata hivyo Camões hakuwa kasuku wa mfalme. Katika sehemu ya nne, merikebu zikiwa tayari kung'oa nanga, anasimama mzee mmoja ufukoni akailaani safari yenyewe, akisema kwamba kinachoitwa utukufu ni tamaa tu, na kwamba wenye kuulipia ni wajane na yatima. Tendo lile lile linalosifiwa na utenzi linahukumiwa na mzee ndani ya utenzi huo huo. Mzee huyo angefika Lundo katika miaka ya 1960, angaliona kwamba maneno yake yametimia.

Mshairi mwingine alifika katika kisiwa kile kile akiwa mfungwa. Tomás António Gonzaga, mzaliwa wa Porto, alikuwa hakimu nchini Brazili. Mwaka 1789 alikamatwa kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya utawala wa Ureno, na mwaka 1792 akapelekwa uhamishoni Msumbiji, alikofia mwaka 1810. Mtindo wa zama zake ulikuwa wa mashairi ya wachungaji: mtunzi hujifanya mchunga kondoo, akamwimbia mpenzi wake katika malisho yenye chemchemi na kivuli. Mashairi yake kwa Marília yanapendwa na wasemao Kireno hata leo. Lakini kisiwa alichoishi kilikuwa soko la watumwa, na yeye mwenyewe alioa katika nyumba iliyochuma mali kwa biashara hiyo. Miongoni mwa waliopitishwa katika bandari za pwani ile walikuwamo watu waliotembezwa kwa minyororo kutoka nchi za ziwa letu. Hawakuingia katika shairi. Twasema hivi si kwa kumtukana marehemu, bali kwa kuwa msomaji mwema husoma yaliyoandikwa na yaliyoachwa pia.

Karne ya ishirini ilivunja vyombo vya kale. Fernando Pessoa, aliyezaliwa Lisbon mwaka 1888, alipelekwa Durban, Afrika Kusini, akiwa mtoto, akasoma huko hadi mwaka 1905. Huyu hakutosheka kuwa mshairi mmoja. Aliwabuni washairi wengine ndani yake, kila mmoja akiwa na jina, tabia na mtindo wake. Alberto Caeiro alitunga kwa maneno mepesi ya mtu atazamaye mashamba. Ricardo Reis, daktari, alishika kanuni za kale. Álvaro de Campos, mhandisi wa meli, alipasua mizani yote akaimba mashine na uchovu wa miji. Pessoa alipofariki mwaka 1935 alikuwa ametoa kitabu kimoja tu cha mashairi ya Kireno, nacho kilitoka mwaka 1934. Lakini katika sanduku lake zilikutwa karatasi zaidi ya 25,000.

Wakati huo huo, kusini ya Ruvuma, lugha hiyo ilikuwa inaanza kubadili wenyewe. Rui de Noronha, aliyefariki mwaka 1943, alitunga soneti kwa kanuni walizozileta Wareno, lakini moyo wa soneti hizo ulikuwa Afrika. Noémia de Sousa, kati ya mwaka 1948 na 1951, aliiacha soneti akatumia mishororo mirefu isiyofungwa, yenye mdundo wa ngoma na wito wa kundi zima. Mashairi yake yalipita mkono kwa mkono kwa miaka mingi, na kitabu chake hakikutoka hadi mwaka 2001. José Craveirinha, mtoto wa baba Mreno na mama Mronga, aliyachanganya maneno ya Kironga katika Kireno bila ya kuomba radhi, na utawala wa kikoloni ukamtia kifungoni tangu mwaka 1965 hadi 1969. Mwaka 1991 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo kubwa kuliko zote katika fasihi ya Kireno. Nayo tuzo hiyo ni Tuzo ya Camões.

Sehemu ya historia hii iliandikwa nchini mwetu. Chama cha FRELIMO kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo washairi. Marcelino dos Santos alitunga kwa jina la Kalungano. Jorge Rebelo, aliyeongoza kazi za habari za chama, alitunga mashairi ya vita kwa maneno machache na makali, yanayoweza kushikwa na mpiganaji asiye na daftari. Mwaka 1971 FRELIMO ilitoa mkusanyo wa mashairi hayo, uliojulikana kama ushairi wa mapambano. Mtindo wake haukutafuta urembo. Ulitaka kueleweka kambini. Na usiku wa tarehe 25 Aprili 1974, ishara iliyowatoa askari wa Ureno makambini kwenda kuuangusha udikteta wa nchi yao ilikuwa ni wimbo redioni, wa José Afonso, mtu aliyepata kuwa mwalimu Msumbiji katika miaka ya 1960. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Utawala uliojengwa kwa mizinga ulianguka. Ngome zake leo hutazamwa na watalii, lakini mashairi yangali yanasomwa.

Wapo watakaosema: kwa nini tupoteze wakati kwa washairi wa mtu aliyetutesa? Jibu tulikwisha kupewa kwa vitendo na Mwalimu Nyerere. Alikuwa Rais wa nchi iliyotoka katika mikono ya Waingereza, lakini aliketi akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakufanya hivyo kwa kuwasujudia Waingereza. Alionyesha kwamba Kiswahili kina kifua cha kubeba mzigo wo wote, na kwamba hekima haina mkoloni. Ndugu zetu wa Msumbiji walifanya jambo gumu zaidi: waliichukua lugha ya mtesi wao wakaitumia kumhukumu.

Mwezi Agosti 2019, mjini Dar es Salaam, wakuu wa nchi za SADC walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hivyo Kiswahili na Kireno sasa vimeketi katika baraza moja. Lakini lugha hazijuani kwa sababu ya azimio. Hujuana pale mtu mmoja anapoyabeba maneno ya mwenzake mpaka nyumbani kwake. Nani anafaa kazi hiyo kuliko kijana wa Wilaya ya Nyasa au ya Mbinga, ambaye kwake Kireno ni lugha ya shemeji, ya mteja sokoni na ya rafiki wa ziwani?

Basi tunawaomba walimu wetu na vijana wenye kipaji waanze na kidogo. Mmoja ajifunze Kireno kwa jirani yake, badala ya kusubiri darasa kutoka mbali. Mwingine achukue ubeti mmoja wa Camones, kama wazee wangelitamka jina lake, ajaribu kuupa vina vya Kiswahili. Wa tatu atafute shairi la Noémia de Sousa, alisome kwa sauti mbele ya mama mzee aliyekimbia vita, amwulize kama linasema kweli. Na nyimbo zetu za ufukoni, za mganda na kioda, nazo ziandikwe, ili jirani akija kutuuliza tuna nini, tusimpe mkono mtupu.

Mstari wa mwaka 1886 ungaliko kwenye ramani, na serikali zetu mbili zinauheshimu, kama ipasavyo. Lakini mstari huo uligawa nchi. Haukupewa amri ya kugawa maarifa. Mvuvi wa Mbamba Bay akikutana na mvuvi wa Msumbiji majini, humwuliza habari za upepo na za samaki. Wakati umefika tumwulize pia habari za washairi wake.