Redio ya Zamani Ikwaruzapo: Jinsi ya Kusafisha Voliumu na Swichi Zake

Katika nyumba kadha wa kadha humu Kenya ingaliko redio ya zamani, ya sanduku la mbao au ya bakelaiti, iliyonunuliwa na baba au babu katika miaka ya 1950 au 1960. Imewekwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na watoto wamekatazwa kuigusa. Wenyeji wakiiwasha ili kuwaonyesha wageni, huanza vyema. Lakini mtu akizungusha kifungo cha sauti, mara husikika mkwaruzo kama wa bisi chunguni, sauti hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Hapo watu husema kwamba redio imekufa. Wengine huitupa, na wengine humwita jirani mwenye kopo la mafuta.

Yafaa watu wajue kwamba mkwaruzo huo mara nyingi si mauti ya redio, bali ni uchafu tu, na uchafu huo waweza kuondolewa kwa kazi ya nusu saa. Walakini dawa isiyofaa huharibu kitu ambacho kilikuwa kizima, na mkono usiojua ukiingia ndani ya sanduku waweza kupatwa na umeme wa kuua. Kwa sababu hizo mbili tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa urefu.

Kwanza neno moja. Watu wasemapo “kifungo cha sauti” huchanganya vitu viwili: kile kishikio cha nje kinachozungushwa na vidole, na kile chombo cha chuma kilicho nyuma yake, ndani ya sanduku. Mafundi wa redio wa mitaani hukiita chombo hicho cha ndani voliumu, nasi tutafuata desturi yao, kwa kuwa ni neno fupi na kila fundi hulielewa. Kishikio cha nje ndicho tutakachokiita kifungo.

Ndani ya voliumu mna utepe wa kaboni uliopindwa kama bangili isiyofunga. Umeme unaochukua sauti huingia kwa ncha moja ya utepe, na ncha ya pili imefungwa kwenye kiunzi cha chuma cha redio, ambacho mafundi hukiita chesisi. Juu ya utepe hutembea kidole kidogo cha chuma kinachozungushwa na mhimili wa kifungo. Kidole hicho huchota sehemu ya umeme mahali kilipo: kikiwa karibu na ncha ya kwanza huchota mwingi, na sauti huwa kubwa, kikiwa karibu na chesisi huchota kidogo, na sauti hufifia. Basi ni dhahiri kwamba kazi yote yategemea kidole kugusana na kaboni bila kuachana hata kwa nukta moja. Likiingia vumbi katikati, au chuma cha kidole kikishika kutu, umeme hukatika na kurudi mara nyingi kwa haraka, na huko kukatika ndiko sikio linakokusikia kama mkwaruzo.

Adui wa mguso huo ni wengi katika nchi yetu. Pwani ni unyevu na chumvi ya upepo wa bahari. Bara ni vumbi jekundu la wakati wa kiangazi. Na redio iliyowekwa karibu na jiko hupata moshi na mvuke wa mafuta. Mende nao hupenda joto la sanduku la redio na huacha uchafu wao humo. Lakini adui mkubwa kuliko wote ni kukaa bila kutumiwa. Kifungo kinachozungushwa kila siku hujifagia chenyewe. Ndiyo maana redio iliyolala miaka kumi hukwaruza vibaya kuliko ile iliyotumika miaka yote hiyo, na ndiyo maana vilevile inafaa, kabla ya kutafuta dawa yoyote, kuchomoa waya ukutani na kuzungusha kifungo toka mwanzo hata mwisho, mara ishirini au thelathini. Mara nyingine hilo tu hutosha, ingawa kwa muda.

Hayo ya nje kila mtu aweza kuyafanya. Kufungua sanduku ni jambo lingine, na hapa twaomba msomaji asome polepole.

Redio za betri hazina hatari kubwa. Mfano wake ni ile redio mashuhuri yenye umbo la sufuria ambayo kampuni ya Ever Ready ilianza kuitengeneza mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa, ikauzwa kwa paundi 5. Lakini redio zinazochomekwa ukutani ni namna mbili. Namna ya kwanza ina transfoma inayoitenga chesisi na waya za ukutani. Namna ya pili haina transfoma hiyo. Bush DAC90A, redio ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1950, ni ya namna hii ya pili. Zilifanywa hivyo ili ziweze kutumika katika miji iliyokuwa na umeme wa namna yoyote, na pia ili ziuzwe kwa bei nafuu. Ndani ya redio kama hizo waya mmoja wa ukutani umeunganishwa na chesisi yenyewe. Plagi ikigeuzwa, chesisi yote hushika volti 240. Kinachomlinda msikilizaji ni sanduku la bakelaiti, kifuniko cha nyuma, na vile vifungo vya nje. Hata ile skrubu ndogo inayokaza kifungo juu ya mhimili ilifukiwa kwa nta kiwandani, ili kidole cha mtu kisiiguse. Wako watu walioitoa nta hiyo kwa kudhani ni uchafu! Anayeiona aiache, na akiitoa kwa kazi airudishe.

Kwa hiyo, kabla ya kung’oa kifungo, plagi na itoke ukutani. Kuzima kwa swichi ya redio hakutoshi, maana swichi hiyo mara nyingi imefungwa nyuma ya voliumu hiyo hiyo unayotaka kuisafisha, na umeme hufika hata hapo. Tena plagi ikiisha kutoka, umeme bado umo. Redio zenye taa za kioo hutumia volti 200 na zaidi, na kapasita kubwa zilizomo huweka akiba ya umeme huo kwa muda baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mwenye busara huumaliza kwa rezista ya omu 10,000 na wati 5, iliyofungwa kwenye waya zilizovikwa mpira. Hushika miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha hupima kwa mita kuhakikisha kwamba haukubaki. Wale wanaogonganisha miguu hiyo kwa bisibisi hupata cheche na kishindo, na kapasita huumia. Asiye na mita wala rezista ampelekee fundi. Na redio iliyolala miaka mingi isichomekwe ukutani kamwe kabla kapasita zake hazijapimwa.

Sasa twaja kwenye dawa, ambapo ndipo redio nyingi zinapoharibiwa.

Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo. Mafuta ya cherehani hayagandi upesi, lakini hushika vumbi na kulifanya tope juu ya kaboni. Petroli ni moto unaongoja cheche, na mtu asiitumie ndani ya chombo cha umeme hata kwa dakika moja. Kopo la WD-40, ambalo sasa limo katika kila gereji, lilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu katika makombora ya Atlas. Ni dawa njema kwa kazi yake. Ila ile ya kawaida huacha utando wa mafuta, nayo huyeyusha grisi nzito iliyotiwa kiwandani kwenye mhimili wa voliumu, hata kifungo kilichokuwa kikizunguka kwa upole kama kimo ndani ya asali huwa chepesi na kulegea. Kampuni hiyo hiyo hutengeneza dawa nyingine iliyokusudiwa viungo vya umeme, na hiyo ni kopo tofauti. Inafaa mtu asome maandishi kabla ya kununua.

Mafundi wa zamani walitumia kaboni tetrakloraidi, ambayo husafisha vizuri sana na haishiki moto. Siku hizi twajua kwamba mvuke wake huharibu ini, na tena huidhuru ozoni ya angani. Kwa hiyo imeondolewa madukani katika nchi nyingi. Mtu akiikuta chupa ya namna hiyo katika sanduku la vyombo la babu yake, asiifungue kwa kunusa.

Kinachofaa ni dawa iliyofanywa kwa viungo vya umeme, inayosafisha na kuacha ulainisho mwembamba. Makopo yajulikanayo ni Servisol Super 10 ya Uingereza, na DeoxIT ya Marekani, ambayo ina D5 kwa viungo vya chuma na F5 kwa utepe wa kaboni. Bei yake si ndogo, lakini kopo moja hutosha redio nyingi, na mafundi wa mtaa mmoja waweza kulinunua kwa shirika. Asiyeipata aweza kutumia spiriti safi isiyo na maji mengi; itaosha uchafu, lakini haitaacha ulainisho wowote, kwa hiyo isitumiwe mara kwa mara.

Tazama mwili wa voliumu karibu na miguu yake mitatu. Utaona mwanya mdogo. Mrija wa kopo uingizwe hapo, na dawa ipulizwe kidogo tu, kwa muda wa kusema neno moja. Kisha mhimili uzungushwe toka mwanzo hata mwisho mara ishirini au thelathini. Uchafu ukichuruzika, upanguswe, na dawa itiwe mara ya pili. Yafaa kutandaza kitambaa chini na kando, hasa mbele ya kioo cha stesheni. Majina yale ya miji, London na Hilversum na mengineyo, yamepigwa nyuma ya kioo kwa rangi dhaifu. Tone moja la dawa au spiriti laweza kuyafuta, na hayarudi tena. Kadhalika dawa isinyunyizwe juu ya mabamba membamba ya kapasita ya kutafutia stesheni. Hayo husafishwa kwa brashi laini kavu, bila kuyapinda. Kazi ikiisha, redio iachwe wazi saa kadhaa, dawa ikauke, ndipo irudishiwe kifuniko na kuchomekwa.

Swichi ya kubadilishia masafa ina vidole vingi vidogo, na aghalabu vimepakwa fedha. Fedha hugeuka nyeusi kwa hewa, kama pete. Watu wakiona weusi huo hukimbilia msasa, na msasa huondoa fedha yote pamoja na weusi. Baada ya hapo shaba iliyo chini hushika kutu upesi, na hakuna wa kuirudisha ile fedha. Dawa kidogo na kuzungusha swichi yatosha. Palipokaidi, kata ukanda wa karatasi ngumu, uloweshe, uupitishe taratibu katikati ya vidole.

Ikiwa mkwaruzo warudi baada ya siku mbili tatu, na wasikika kifungo kikiwa mahali popote, si uchafu. Fundi na apime kama mna umeme wa mkondo mmoja kati ya miguu ya voliumu. Mara nyingi kapasita ya karatasi na nta iliyo mbele yake imechoka, nayo yavujisha umeme usiotakiwa kupita juu ya kaboni. Kusafisha hakusaidii, kapasita ibadilishwe. Na madhali moja imechoka, dada zake wa umri huo huo watazamwe pia, hasa ile inayopeleka sauti kwenye taa ya mwisho, kwa maana hiyo ikivuja taa hupata moto kupita kiasi, ikaungua na kuiunguza transfoma ya spika pamoja nayo. Transfoma hiyo ni ghali kuliko vyote tulivyovitaja.

Utepe wa kaboni ukiwa umelika kabisa, hapana dawa ila voliumu mpya. Kiasi cha omu kimeandikwa mgongoni, na 500,000 ni cha kawaida katika redio za taa. Lakini kiasi pekee hakitoshi. Nguvu ya sauti ikiongezwa mara kumi, sikio husikia kana kwamba imeongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo utepe wa voliumu ya sauti hutengenezwa ili upande polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Ukiuziwa ule wa kupanda sawasawa, sauti yote itaruka mwanzoni mwa mzunguko, na sehemu iliyobaki haitafanya kazi ya maana. Herufi A na B zilizoandikwa juu yake zisikudanganye, kwa sababu katika vipuri vya zamani vya Ulaya A ilikuwa na maana tofauti na ile ya vipuri vya leo kutoka Asia. Weka mhimili katikati, upime kati ya mguu wa katikati na ule wa chini: ukipata nusu, ni wa kupanda sawasawa; ukipata sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, ndio unaoutaka. Upime na unene wa mhimili. Redio nyingi za Kiingereza zilitumia robo inchi, yaani milimita 6.35, na vipuri vingi vya siku hizi vina milimita 6. Kifungo cha zamani kitacheza juu yake mpaka kipande cha bati la shaba kitiwe ndani.