Kupiga foto ya ndege wa lupango bila kuwafukuza



Katika lupango nyingi za hapa Kisangani, tangu Makiso mpaka Mangobo na Kabondo, kuko mngazi ao mwembe uliojaa viota vya ndege wafumaji. Kelele yao inatuamsha asubuhi. Watoto wanawapiga kwa manati, na wakubwa wengine wanakata matawi juu ya uchafu unaoanguka chini. Lakini kuko njia ingine ya kumkamata ndege: ni kumpiga foto, naye anabaki mzima pale juu ya mti. Mwalimu wetu wa biolojia alituazima aparei yake na objektifu ndefu, nasi tulijifunza kazi hii. Sasa tunataka kuwaelezea wenzetu namna inavyofanyika.

1. Sababu gani objektifu iwe ndefu?

Objektifu, ni kusema lenzi, ndiyo kile kioo cha mbele ya aparei. Ile ya kawaida, katika aparei za filme ya milimetre 35, inaandikwa 50 mm. Tukiweka ya 400 mm, ndege anakuzwa mara 8, maana 400 kugawanya na 50 ni 8. Basi ndege aliye mbali metre 16 anatokea katika foto sawa kama tungekuwa metre 2 tu karibu naye. Mfumaji hawezi kukubali tumfikie metre 2. Zile metre 14 zinazobaki ndizo amani yake.

Lakini kitu kinachokuza ndege kinakuza vile vile kutetemeka kwa mikono yetu. Kwa hiyo mlango wa ndani ya aparei unapashwa kufunguka na kufunga upesi sana. Kwa 400 mm tusishuke chini ya 1/400 ya segonde. Ndege anayepiga mabawa anaomba 1/1000 ao zaidi. Sisi tulijaza mchanga katika kifuko, tukakiweka juu ya dirisha, na objektifu ikalala juu yake bila kucheza.

Jambo la tatu: objektifu ndefu inaonyesha vizuri sehemu nyembamba tu, vya mbele na vya nyuma vinakuwa na ukungu. Lengeni jicho la ndege. Jicho likiwa safi, hata kama mkia una ukungu kidogo, foto ni nzuri. Jicho likiwa na ukungu, foto imekufa.

2. Saa gani inafaa?

Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, basi jua linapanda haraka. Saa mbili za kwanza baada ya jua kutoka ndizo bora, pamoja na saa moja kabla halijazama. Mchana jua liko juu ya kichwa na tumbo la ndege linakuwa jeusi. Tena hewa ya moto inayopanda toka kwenye mabati inacheza kama maji, na objektifu ndefu inaonyesha kucheza kule. Baada ya mvua hewa ni safi.

3. Kumjua ndege kwanza

Mti mmoja unaweza kubeba namna mbili za wafumaji: yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, na yule mweusi mwili mzima mwenye macho ya manjano. Dume ndiye anayefuma. Anapasua majani ya mngazi kuwa nyuzi, anafunga, kisha ananing'inia chini ya kiota akipiga mabawa ili kuita jike. Jike anaingia na kukagua kazi. Kama hapendi, anaenda zake, na mara nyingi dume anabomoa kiota na kuanza kingine. Mtu anayejua hivi hakimbizi ndege hewani. Analenga mlango wa kiota na kungoja.

Kungoja huku ndiyo kazi kubwa. Kaeni nyuma ya dirisha nusu saa bila kusogea. Ndege akilia bila kunyamaza, ao akibeba chakula mdomoni na kukataa kuingia, ni kusema tuko karibu mno. Turudi nyuma. Mama akikaa mbali muda mrefu, mayai yanapoa na makinda yanateswa na njaa. Tena tusikate majani yanayoficha kiota: yanakificha kwetu, lakini yanakificha vile vile kwa kunguru. Hakuna foto inayostahili bei hiyo.

4. Zamani walifanya namna gani?

Mwaka wa 1909, wakati mji wetu uliitwa Stanleyville, walipita hapa wataalamu wawili waliotumwa na museo ya New York: Herbert Lang na James Chapin. Walikaa Kongo mpaka 1915. Lang alipiga maelfu ya foto. Lakini kwa kujifunza ndege, desturi ya wakati ule ilikuwa kumpiga kwa bunduki na kukausha ngozi yake.

Mwaka wa 1913, kule Avakubi katika Ituri, Chapin aliona unyoya katika kofia ya mtu, akauhifadhi bila kujua ni wa ndege gani. Alingoja mpaka 1936. Mwaka huo, katika museo ya Tervuren huko Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa ambao watu walidhani ni tausi wachanga wa India. Kumbe ni tausi wa Kongo, na ule unyoya ulikuwa wake! Miaka 23 ilipita kwa sababu unyoya peke yake hausemi mengi.

5. Tukumbuke jirani

Objektifu ndefu, ukiitazama toka mbali, inafanana na bunduki. Mji huu uliona vita ya siku sita mwezi wa Juni 2000, na wazee wengi hawajasahau. Kwa hiyo tuwaambie jirani mbele ya kuanza, na tuwaonyeshe foto. Hapana kulenga lupango ya mtu mwingine wala mahali pa kuogea. Hapana kabisa kulenga kambi ya askari, bandari ao uwanja wa ndege.

6. Na asiye na objektifu?

Wengi wetu hatuna. Kuvuta picha kwa vidole katika telefoni mara nyingi hakuleti ndege karibu. Kunakata kipande tu na kukikuza, na kinatoka kibaya. Afadhali kuweka kioo cha telefoni kwenye tundu la darubini, na kushika vyote viwili imara. Ao kungoja yule ndege mweusi na mweupe anayetembea uwanjani akitikisa mkia: yeye mwenyewe anakuja karibu.

Kwa kila foto andikeni siku, saa, mtaa, aina ya mti, na kile ndege alichokuwa akifanya. Bila maandishi hayo, foto itakuwa sawa na ule unyoya wa kofia. Wale walio na viota nyumbani, waanze kuhesabu juma hili, na walete daftari kwenye somo la biolojia. Na ndugu wadogo wenye manati, waiteni waje watazame nanyi dirishani.