Tezi ya Shingoni, Kiluwiluwi na Chumvi ya Mboga

Mwaka huu tumeona tuzungumzie tezi ndogo iliyoko mbele ya shingo, iitwayo thairoidi. Wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaukumbuka vizuri uvimbe wake, yaani rovu.

Tuanze na kiluwiluwi. Kila aliyecheza kwenye madimbwi ya mvua amemwona: kichwa na mkia, basi. Baadaye anaota miguu, mkia unayeyuka, utumbo unafupika na mapafu yanaanza kazi. Nani aliyetoa amri? Mwaka 1912 mwanasayansi Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi. Waligeuka vyura kabla ya wakati, tena vyura wadogo mno. Kiluwiluwi aliyeondolewa tezi hiyo hunenepa tu, chura hawi.

Kazi hiyo hufanywa na homoni. Tezi huchukua madini joto kutoka kwenye damu, huyabandika kwenye protini iitwayo thairoglobulini, kisha homoni hukatwa humo. Homoni husafiri hadi ndani ya seli na kushikana na protini nyingine, vipokezi, vilivyokaa juu ya vinasaba. Hapo vinasaba huwashwa au huzimwa. La ajabu ni kwamba homoni ile ile huziambia seli za mguu zikue na seli za mkia zife.

Sisi hatuna mkia wa kupoteza, lakini ubongo wa mtoto aliye tumboni huihitaji homoni hiyo hiyo. Zile hatua za nutfa, alaqa na mudgha mlizosoma darasani hupita kabla tezi ya mtoto haijaanza kazi. Kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama peke yake. Mama akikosa sana madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa akili imedumaa, au akiwa kiziwi, na dawa ya kulirudisha hilo nyuma hakuna.

Nasi tuko mlimani. Madini joto ni mengi baharini, lakini huku mvua huyaosha udongoni, hata mahindi na mchicha wetu huyakosa. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 ikaja amri ya kuyatia kwenye chumvi. Mwaka 2009 watafiti walieleza kuwa watoto ambao mama zao walipata vidonge walisonga mbele zaidi shuleni. Wengine waliorudia hesabu hiyo mwaka 2020 hawakuridhika nayo. Kuhusu ubongo wa mtoto tumboni, hata hivyo, hakuna mabishano.

Kwa hiyo nyinyi mnaotumwa dukani hapa Mlandege, someni pakiti: iwe imeandikwa kuwa ina madini joto. Chumvi ya kupimwa kwa kopo ni rahisi, lakini mara nyingi haina. Nyumbani iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, maana joto na unyevu huyapunguza madini hayo, licha ya jina lake. Wala hatusemi mboga iongezwe chumvi. Kipimo kile kile cha kawaida kinatosha, presha nayo ipo.