Taa Zikizimika Usiku, Shuku Swichi

Land Rover za zamani bado zinafanya kazi vijijini: kubeba mahindi, mawe ya ujenzi na pengine mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku. Hapo ndipo taa za mbele huanza visa. Zinafifia, zinapepesa, halafu kwenye mteremko zinazimika zote mbili. Dereva anapigapiga dashibodi, zinawaka, anasema, "Ni waya tu," na safari inaendelea. Huko ni kucheza na maisha ya watu.

Taa zote mbili zikizimika kwa pamoja, tusikimbilie kununua balbu. Ni nadra balbu mbili kuungua kwa dakika moja. Tuanze na swichi.

Katika Series II na IIA, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1971, umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya dashibodi, kisha swichi ya fulu na dimu iliyo sakafuni karibu na klachi, ndipo ufike kwenye taa. Hiyo ya sakafuni ina taabu yake: kila kiatu kinaiachia matope na maji. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 10. Siku hizi watu hupenda kutia balbu za wati 100, na hapo ampea zinakaribia 17! Vibati vya ndani ya swichi vinapata joto, vinaungua na kuwa vyeusi, na vikiwa vyeusi joto linazidi. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima taa mara moja. Magari haya kwa kawaida hayana fyuzi ya taa kubwa, kwa hiyo waya unaweza kushika moto.

Kupima ni rahisi. Washa taa, weka ncha moja ya mita ya volti pale umeme unapoingia kwenye swichi na nyingine pale unapotokea. Mita isome karibu sufuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, swichi inakula umeme. Balbu ya volti 12 ikipata 10.5 tu hupoteza kama thuluthi ya mwanga wake. Pima pia arthi ya taa, maana kutu kwenye bodi hufanya taa zififie vile vile.

Swichi isiyoungua sana husafishwa kwa msasa laini, betri ikiwa imefunguliwa kwanza. Lakini hata ukinunua mpya, itaungua tena ikiachiwa mzigo ule ule. Dawa hasa ni rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, zifungwe mbele karibu na taa. Waya uliotoka kwenye swichi sasa uende mguu wa 86, na 85 uende arthi. Mguu wa 30 upate umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, na 87 upeleke kwenye taa. Sasa swichi inabeba umeme usiofika hata nusu ampea. Ila kwa fyuzi hiyo, baki na balbu za wati 60.

Fundi akimaliza, injini ikinguruma, washa fulu kwa dakika kumi kisha ushike swichi. Ikiwa haina joto, mlipe pesa zake.