Dabi ikiota mbawa, safari ya Moshi isife nayo

Moshi. KWA shabiki wa Dar es Salaam, dabi ya Kariakoo ni nauli ya daladala na tiketi ya mzunguko. Ikiahirishwa anarudi kwake amenuna, anakula, analala. Kwa shabiki wa Moshi, dabi ni kilomita kama 560 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, ruhusa ya kazini, mchango wa wiki kadhaa na maelezo marefu kwa mama watoto. Ikiahirishwa, hana hata pa kununia.

Na imeshaahirishwa. Tena mara mbili ndani ya miaka mitano, zote tarehe 8, zote Jumamosi.

Mei 8, 2021 mechi ilipangwa saa 11:00 jioni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyohiyo ikatangazwa kusogezwa hadi saa 1:00 usiku. Yanga wakasema wao wanaijua saa 11, wakapeleka timu uwanjani kwa muda wa awali, kisha wakasepa. Usiku ule hapakuwa na mpira. Watu walikuwa wameshakaa majukwaani, jezi mwilini, sauti zimeshakauka. Mchezo ulipigwa Julai 3 na Yanga ikashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya.

Machi 8, 2025 ikawa hivyo tena, kwa sababu nyingine. Usiku wa kuamkia mechi Simba ilitoa taarifa kwamba haitacheza, ikidai ilizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanjani hapo. Kesho yake Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Jumatano, Yanga wakashinda 2-0. Jumatano! Mtu wa Moshi mwenye duka Mbuyuni au darasa la kufundisha Kibosho anaombaje ruhusa mara mbili kwa mechi moja?

Fikiria saa za Machi ile. Aliyepanda basi Moshi Ijumaa usiku, taarifa ya Simba ilimkuta njiani, pengine Korogwe, pengine keshapita Segera. Dereva hageuzi gari kwa sababu ya taarifa ya klabu. Alfajiri unashushwa Mbezi, una siku nzima mbele yako katika jiji kubwa kuliko yote nchini, na kilichokuleta hakipo.

Hapo ndipo makundi yanapotofautiana. Kuna linalokaa stendi ya Magufuli kulaumu viongozi wa mpira mpaka basi la kurudi. Na kuna lililopanga safari tangu mwanzo kama matembezi yenye mechi ndani yake. La pili linaumia pia, ila linarudi Moshi na picha.

Zamani walikuja wenyewe

Miaka michache nyuma haya hayakuwa na uzito. Polisi Tanzania walipokuwa Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2019/20, Ushirika palikuwa na mpira wa Ligi Kuu, na vigogo wa Kariakoo walipanda mlima wenyewe kuufuata. Mtu wa Majengo alimaliza shughuli zake, akatembea kwa mguu, akaangalia mpira, akarudi kula nyumbani. Maafande waliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, anayetaka kumuona Mnyama au Wananchi kwa macho yake akabaki na kazi ya kuwafuata.

Ndipo makundi ya safari yakapata nguvu. Linaanzia kijiweni, linahamia WhatsApp, na ndani ya saa moja lina watu 60 na salamu za asubuhi. Watu 40 wanaandika "niweke". Siku ya mchango wanajibu 15.

Hesabu ya Coaster haina huruma. Ikikodiwa kwa watu 28, gharama ikagawanywa sawa, halafu sita wakaingia mitini Alhamisi jioni, kila mmoja wa wale 22 waliobaki analipa zaidi ya robo juu ya alichoambiwa. Safari nyingi zimevunjika hapo, na urafiki pia. Dawa inajulikana: siti ni ya aliyelipa, jina bila hela si jina, na anayejitoa baada ya gari kulipiwa anatafuta wa kumrithi mwenyewe. Mgumu ni mtu wa kusimamia hayo bila kuona aibu. Vijana wengi hawawezi, wanaogopa kuitwa wachoyo na washkaji. Kundi lenye akili linampa hela mama aliyezoea vikoba. Huyo hadanganywi na "nitatuma jioni, mangi".

Kabla ya kulipia gari lenyewe, kuna swali moja la kizamani: lina kibali cha kutoka nje ya njia yake? Daladala inayozoea kwenda Himo haiamui tu kwenda Temeke. Ikikamatwa Same, abiria ndio wanaokaa juani.

Dereva asiangalie mpira

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambao mabasi yanaruhusiwa, safari ya Moshi hadi Dar ni saa saba bila kusimama hata kuchimba dawa. Weka vibao vya 50 vya Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe na kuendelea, weka chakula, weka foleni ya Chalinze na Kibaha, ambayo wengine huikwepa kwa kukatia Msata na kutokea Bagamoyo. Ni saa tisa, kumi. Mechi ya saa 11 jioni inakwisha saa 1 usiku. Kundi linalotaka kuwahi ibada ya Jumapili Moshi linataka kuondoka saa 2, saa 3.

Sasa uliza: dereva aliyeendesha usiku kucha Ijumaa alilala saa ngapi?

Mara nyingi hakulala. Naye ni Simba au Yanga, alikuwa Mkapa na wenzake, amepiga kelele dakika 90, na sasa anashika usukani gizani akiwa na watu 28 wanaoimba au wanaosinzia. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, ratiba za namna hii zimekuwa rahisi kuandika. Barabara haijawa rahisi. Juni 28, 2025, siku tatu tu baada ya ile dabi ya Jumatano, basi kubwa na basi dogo yaligongana Sabasaba, Same, yakawaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafa. Haikuwa safari ya mpira. Lakini ni barabara ileile, na mkoa mzima wa Kilimanjaro bado una misiba ya siku ile.

Kwa hiyo madereva wawili, au kulala Dar. Hakuna njia ya tatu. Kulala kunaongeza gharama, ni kweli, ila ndiko kunakoyapa matembezi nafasi. Na Wachagga wana bahati yao: Kimara na Mbezi kila ukoo una tawi. Shangazi yupo, baba mdogo yupo. Wageni watatu watatu kwa kila nyumba, na mkungu wa ndizi kutoka Uru kama zawadi, hakuna anayelalamika. Kumpelekea shangazi watu 28 ni jambo lingine.

Siku yenyewe ya Dar

Kosa kubwa la wageni ni kuingiza Coaster mjini asubuhi ya dabi. Foleni ya Barabara ya Mandela siku hiyo ni ya kwake. Gari likae Kimara au Mbezi, dereva alale, watu watembee.

Kutoka Kimara kuna Mwendokasi hadi Kivukoni. Foleni ya kuipanda asubuhi inaweza kukukatisha tamaa, na masika, Machi hadi Mei, maji yakijaa Jangwani njia hufungwa, sasa lazima kuwe na mpango wa daladala. Lakini ikienda, ni safari nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuliona jiji: Ubungo, Magomeni, bonde la Jangwani, ghafla maghorofa, ghafla bahari. Vijana wa Moshi wamezoea kuinua macho kuona theluji ya Kibo. Bahari wanaiangalia kwa kunyamaza.

Kivukoni hapohapo kuna soko la samaki la Feri. Asubuhi mnada umepamba moto, samaki anakaangwa mbele yako, na bei inategemea mdomo wako. Mwenye mdomo wa Kiboriloni hapati shida. Kisha pantoni ya Kigamboni. Kuvuka ni dakika chache na nauli haizidi ya daladala, ila ndicho kitu ambacho watoto wakiletwa watakisimulia mwaka mzima. Ng'ambo kuna fukwe. Kundi linaweza kupiga mpira wake mchangani, Simba dhidi ya Yanga, aliyefungwa ananunua soda. Kwa mechi hiyo hakuna bodi ya kuahirisha.

Uzuri wa Kigamboni kwa mtu wa mpira ni njia ya kutokea. Harudi kwa pantoni. Anapita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, anaibukia Kurasini, na Temeke iko karibu. Ameingia Mkapa kwa mlango wa nyuma wa jiji wakati wenzake wamekwama Tazara. Ila asichelewe: saa 7 mchana awe ameondoka ufukweni. Dabi hujaza uwanja wa watu 60,000, na watu huanza kuingia asubuhi.

Tiketi zikatwe mapema kwa N-Card, kila mtu na kadi yake, na zijaribiwe kabla ya safari. Kadi moja iliyogoma getini inachelewesha kundi zima, kwa sababu hakuna anayetaka kumwacha mwenzake nje Temeke asikokujua. Maji pia. Joto la Machi la Dar kwa mtu aliyeshuka kutoka Machame si mchezo, na jua la mzunguko halina mti.

Makundi ya Moshi yana jambo ambalo jijini ni adimu: Simba na Yanga kwenye gari moja. Kutani kunaanzia Himo na hakuishi. Getini wanaachana, kila mmoja upande wake, na hapo ndipo watu wanapopotea. Simu zimezima, mtandao umelemewa na maelfu ya watu, giza limeingia. Kundi likubaliane mapema mahali pamoja pa kukutania, panapoonekana bila kupiga simu, na saa ya mwisho ya kusubiri. Dada wapangiwe wenza wa kutoka nao. Na aliyefungwa asitaniwe mpaka gari lipite Kibaha, hasa kama amefungwa dakika ya 90.

Mechi ikiota mbawa je? Kundi lililokwisha vuka Kigamboni lina bahari na samaki, linaendelea. Jioni kuna mihogo ya Coco Beach yenye pilipili. Au Kariakoo kwenyewe, ambako timu hizi zimezaliwa, Yanga 1935 na Simba 1936. Jengo la Yanga liko Jangwani, la Simba Msimbazi, na kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa mguu. Mashabiki wangapi wa mikoani wamekula kiapo kwa klabu hizi bila kuwahi kuyaona majengo hayo? Tiketi inaweza kutumika siku nyingine. Nauli ya kutoka Moshi haitumiki siku nyingine, ndiyo maana siku ile lazima itumike.

Wanaokaa siku mbili wana kivutio kipya, treni ya SGR. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Kwenda asubuhi na kurudi jioni inawezekana kabisa, ila tiketi zinawahiwa kama za VIP. Kwa mwenye subira kuna pia treni ya zamani ya kutoka Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20. Ni ya polepole. Wazee wanaipenda.

Kitu kimoja kisichoshauriwa ni dabi ya Desemba inayoangukia wiki ya Krismasi. Wiki hiyo Dar nzima ya Wachagga inapanda mlimani, na gari la kurudi Moshi linatafutwa kama dhahabu. Afadhali kibanda umiza cha Pasua, na mbuzi wa kuchoma pembeni.

Mwaka 2027 kibao kitageuka kidogo. Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON, na uwanja wa watu 30,000 unajengwa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Dereva atalala kitandani kwake. Safari hiyo watu wa Dar ndio watakaokodi Coaster, ndio watakaouliza gesti ziko wapi na asubuhi kabla ya mechi waende wapi. Maporomoko ya Materuni yapo, maji ya Chemka kule Hai yapo, mtori upo. Wenye mashangazi Moshi waanze kuwapigia simu.