Kidonge cha Vitamini: Nani Anakihitaji?

Chupa za vidonge vya vitamini zimekuwa kitu cha kawaida katika maduka ya dawa ya Unguja na Pemba. Nyingine zimetoka Ulaya na India, nyingine huletwa na jamaa zetu walioko Dubai na Maskati, na takriban zote zinaahidi nguvu na siha. Mfanyakazi hukata sehemu ya mshahara wake akanunua chupa moja kwa ajili ya nyumba nzima: baba, mama mjamzito, mtoto wa miaka miwili na bibi mzee, wote wakameza kidonge cha aina moja. Nia yake ni njema. Hata hivyo jambo hili lahitaji kutazamwa kwa makini, na sisi wa Visiwani tuna sababu ya pekee ya kulitazama, kwani funzo moja kubwa juu yake ulimwengu umelipata Pemba.

Katika mwaka 2002 na 2003 ulifanywa Pemba utafiti uliohusu watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Baadhi yao walipewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Ilitarajiwa kwamba chuma kingeongeza damu na kupunguza maradhi. Mwezi wa Agosti 2003 wasimamizi waliamuru utoaji wa chuma usimamishwe kabla ya wakati wake, kwa kuwa watoto waliokipata walikuwa wakilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa kiasi cha asilimia 12. Wakati huo malaria ilikuwa imeenea mno kisiwani.

Lakini kisa hakiishii hapo, na hii sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa. Miongoni mwa watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, wakatibiwa malaria kila ilipoonekana, wale waliokuwa na upungufu wa damu na wa chuma walifaidika nacho. Ni kusema kwamba dawa ilikuwa ile ile, kisiwa ni kile kile. Kilichotofautiana ni hali ya mtoto na uangalizi aliopata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa leo unataka utoaji wa chuma kwa watoto wa nchi zenye malaria uandamane na kinga na tiba ya malaria. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu miaka ile, lakini haijang'oka. Kwa hiyo mzazi asimpe mtoto wake dawa ya chuma kwa sababu tu amemwona amepauka. Ampeleke kituo cha afya akapimwe.

Upande wa kina mama wajawazito ushahidi ni mzito, nao pia umetoka jirani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI, matokeo yake yakatolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya vitamini mchanganyiko, juu ya chuma na foliki ambavyo wote walipata, walizaa watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 7.8, ilhali wenzao ni asilimia 9.4. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo karatasini, lakini mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huanza maisha katika hatari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kidonge cha wajawazito chenye vitamini na madini 15. Basi mama mjamzito ndiye wa mbele katika safu hii, na vidonge vya damu anavyopewa kliniki si vya kuwekwa kabatini.

Wapo wengine: mzee ambaye hali chakula cha kutosha, mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformin kwa miaka mingi, ambaye aweza kupungukiwa na vitamini B12, mgonjwa wa selimundu, ambaye hupewa foliki na daktari wake. Ama mtu mzima mwenye afya, anayekula samaki, maharage, mchicha na matunda, faida yake ni haba. Uchunguzi wa kumbukumbu za Wamarekani karibu 400,000, uliotolewa mwaka 2024, haukuona kwamba wamezao vidonge hivi kila siku waliishi zaidi ya wasiomeza. Kwa mtu kama huyo chupa hiyo ni israfu.

Anayehitaji kununua asitishwe na bei wala rangi ya chupa. Asome maandishi. Kiasi kinachokaribia asilimia 100 ya mahitaji ya siku chatosha. Panapoandikwa asilimia 1,000 hapana ubora wa mara kumi. Mjamzito ajihadhari na vitamini A nyingi, kwani ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamume mzima kwa kawaida hahitaji chuma cha ziada. Mvutaji sigara aepuke vidonge vya beta-karotini: huko Finland, mwaka 1994, vilionekana kuzidisha saratani ya mapafu kwa wavutaji. Tarehe ya kumalizika muda isomwe, na chupa yenye chuma iwekwe mbali na watoto, kwani vidonge hivyo vikiliwa kama peremende vyaweza kuua.

Yapo na mambo yasiyotaka kidonge kabisa. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata chuma kilichomo katika maharage na mboga. Ikicheleweshwa saa moja au mbili, na mahali pake pakawekwa chungwa au pera, chuma kile kile huingia zaidi. Na watu wa Pemba, ijapokuwa tumezungukwa na bahari, watoto wetu wa skuli walikutwa na upungufu wa madini joto katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Dawa yake ni chumvi iliyotiwa madini hayo, na wazalishaji wa chumvi wapo hapa hapa kisiwani.

Kwa viongozi, kazi iliyopo haihitaji kamati mpya. Mama avukaye kwa mashua kwenda kliniki akakuta vidonge vimekwisha, hatarajiwi kuvuka tena wiki ile ile, na miezi tisa haimngojei mtu. Masheha na wahudumu wa vituo waandike tarehe vidonge vya wajawazito vilipokwisha na tarehe vilipoletwa tena, na karatasi hiyo ifike Wilayani kila mwezi, isomwe mbele ya wanaohusika na usambazaji.